Barua ya wazi kwa Bodi ya mtaa wetu wa wastaafu kuhusu nyumba zinazokodishwa kwa siku

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Usimamizi,
Mtaa wa wastaafu, Kikambala,
Kaunti ya Kilifi.

Nakala: Meneja wa mtaa, wenye nyumba wote, walio hapa na walio ng'ambo.

KUH: KUKODISHA NYUMBA KWA SIKU NDANI YA MTAA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tumeiweka barua hii hadharani kwa sababu zile tatu tulizopitisha ofisini kwa meneja zilipata jibu moja tu: "suala linashughulikiwa." Hatuna ugomvi na mjumbe yeyote. Tunalolipinga ni lile jibu la mdomo linalorudiwa kila tukiuliza, kwamba Bodi "haina uwezo" juu ya nyumba ya mtu. Uwezo huo upo, na hapa chini tunaonyesha uko wapi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kukodisha kwa siku ni kumpa mtu nyumba kwa usiku mmoja au wiki, kwa bei ya kila usiku, pamoja na mashuka, taulo na mtu wa kusafisha kila mgeni anapotoka. Mtaani kila mtu anaiita Airbnb, hata tangazo likiwa WhatsApp na malipo yakiwa ya M-Pesa. Mpangaji wa mwaka hatumlalamikii. Hata mgeni wa miezi mitatu anayekimbia baridi ya Ulaya hatumlalamikii: wiki ya kwanza ikiisha huyo ameshajua siku ya maji na jina la soja wa usiku.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Maji taka

Tunaanza na hili kwa sababu liko chini ya ardhi, halionekani, na likiharibika gharama yake inapita mengine yote.

Mtaa wetu hauna bomba la umma la maji taka. Kila jengo lina septiki yake na shimo lake la kufyonza. Septiki si pipa la kuhifadhi. Ni mahali pa maji kutulia, siku nzima au zaidi, ili uchafu mzito uzame, mafuta yaelee, na maji ya katikati ndiyo yapite kwenda kwenye shimo la kufyonza. Maji yakiingia mengi kwa mpigo hayapati muda wa kutulia. Yanasukuma uchafu hadi kwenye shimo la kufyonza na kuziba kuta zake. Yakifika hapo, lori la kunyonya halitibu kitu: litaondoa maji leo na kesho kutwa shimo litakuwa limejaa tena, kwa kuwa kilichoziba ni ardhi yenyewe. Kinachobaki ni kuchimba shimo jingine, na nafasi ya kulichimba mnaijua ilivyo finyu.

Hesabu yake si ngumu. Chukua jengo lenye nyumba 8, kila nyumba wazee 2. Tukikadiria lita 120 kwa mtu kwa siku, jengo zima linatoa lita 1,920. Nyumba 3 kati ya hizo zikipokea wageni 6 kila moja, watu wanakuwa 28 na maji yanafika lita 3,360. Hilo ni ongezeko la asilimia 75 kwa septiki ileile, na mashuka bado hatujayahesabu.

Mashuka ndiyo yenyewe. Mgeni mmoja anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana. Katika saa hizo nne mashine inafua mara mbili au tatu, sakafu inapigwa deki, na choo kinamiminiwa dawa ya klorini ili kinukie usafi. Jumapili nyumba zote tatu zinafanya hivyo kwa wakati mmoja. Klorini nyingi inaua bakteria wanaoozesha uchafu ndani ya septiki, kwa hiyo tope linajaa haraka kuliko ratiba ya kunyonya. Pamoja nayo zinashuka tishu za maji za kupangusia, pedi na kondomu, vitu ambavyo mkazi wa kudumu hatupi chooni kwa sababu siku bomba likiziba ni yeye atakayekaa na harufu. Mgeni atakuwa ameshafika Malindi.

Halafu kuna mwamba wetu. Ardhi hii ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa vya kutosha. Shimo likifurika, maji hayo yanaelekea kisimani. Maji ya kisima chetu yana chumvi tayari; tukiyaongezea na choo hayatafaa hata kwa deki.

2. Maji safi

Maji ya bomba yanayotoka Baricho huja kwa zamu na nyote mnajua ratiba. Kinachotokea ni hiki: mgeni anafungua bomba siku ya ukavu, halitoi kitu, analiacha wazi na kwenda pwani. Usiku maji yanarudi, bomba linamwaga hadi asubuhi, tangi la juu linakauka, na pampu inaendelea kuzunguka bila maji mpaka sili yake inaungua. Anayeamka na ndoo tupu ni mama wa ghorofa ya tatu anayetakiwa kumwogesha mume wake aliyepooza.

Vifaa vya kuzuia hili havina ajabu: kikata umeme cha pampu kinachotambua tangi la chini limekauka, na mita ndogo ya maji kwa kila nyumba. Leo gharama ya maji inagawanywa kupitia ada ya huduma, na nyumba ya bibi mmoja inalipa sawa na nyumba ya vitanda sita. Mita ikiwekwa, kila nyumba italipia ilichotumia bila mabishano.

3. Lifti na ngazi

Lifti yetu ni ya kilo 630, watu 8. Chumba cha lifti ya ukubwa huo kwa kawaida ni mita 1.1 kwa 1.4. Kiti cha magurudumu kinaingia, lakini machela iliyolazwa haiingii. Maana yake mgonjwa mahututi wa ghorofa ya juu anashushwa kwa ngazi, na wabebaji wanahitaji nafasi ya kugeuka kila kwenye kona. Kona hizo sasa zimegeuka stoo: magunia ya mashuka machafu, vitanda vya kukunja, maboya ya watoto.

Lifti nayo inashikiliwa na sanduku. Mlango unapozuiwa tena na tena, injini yake ndogo inapata joto na vihisi vya miale vinavyolinda mlango vinagongwa hadi vikae upande. Lifti inajizima, kama ilivyoundwa kufanya, na fundi anatoka Mombasa. Kijana atapanda ngazi na kulalamika kidogo. Asiyeweza kupanda atashinda ndani siku mbili, na kama kliniki yake ya figo ni kesho, hilo si suala la usumbufu tena.

4. Funguo na geti

Visanduku vya funguo vilivyotundikwa kwenye vyuma vya ngazi vinapendwa kwa kuwa mwenye nyumba hahitaji kuwepo. Vingi ni vile vya vitufe 10 ambavyo havijali mpangilio wa namba. Ukichagua namba 4 katika 10 bila kujali mpangilio, michanganyiko ni 210 tu, na mtu mwenye nusu saa na subira anaimaliza. Mara nyingi hata hahitaji kujaribu: namba isipobadilishwa, vile vitufe vinne vinachakaa na kung'aa kuliko vingine.

Soja naye anaambiwa kwa simu, "mruhusu huyo, ni mgeni wangu." Haandiki jina, haandiki namba ya gari, hajui waliopangwa kuingia ni wangapi. Geti dogo la miguu linaegemezwa jiwe ili wageni wasisumbuke kurudi usiku. Katika mtaa mwingine jiwe hilo lingekuwa uzembe wa kawaida. Hapa wanaishi watu wenye maradhi ya kusahau ambao hutembea alfajiri bila kujua wanakwenda wapi, na nje ya geti hilo ni barabara ya Mombasa–Malindi.

5. Kelele

Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zimeweka kiwango cha makazi usiku kuwa desibeli 35, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa 2:01 hadi saa 12:00 asubuhi. Desibeli 35 ni kidogo mno. Mazungumzo ya kawaida tu yanazipita. Hatudai watu wanong'one. Tunachotaka ni spika zisitoke kwenye baraza, na bwawa la kuogelea lifungwe kwa kufuli badala ya kibao. Simu zinazopima kelele hazitoshi kuwa ushahidi mbele ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa hiyo tumeanza kuandika daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, nyumba gani, soja aliarifiwa au la. Desemba, Pasaka na Agosti ndizo kurasa zilizojaa, kama mtu yeyote wa pwani angetarajia.

6. Bima

Hili fupi, ila mlisome mara mbili. Bima ya jengo imekatwa kwa maelezo kwamba hapa ni makazi. Mkataba wa bima unamtaka mwenye kukata aseme ukweli wote unaohusu hatari. Moto ukianzia kwenye mtungi wa gesi wa nyumba inayokodishwa kwa siku, kampuni inaweza kukataa kulipa kwa hoja kwamba matumizi yalibadilika nayo haikuambiwa. Hasara itabebwa na jengo zima, wakiwemo wasiowahi kukodisha hata kitanda.

7. Leseni

Sheria ya Utalii ya 2011 haimruhusu mtu kuendesha shughuli za malazi ya wageni zilizotajwa humo bila leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika vyumba vya kukodi kwa siku jijini Nairobi, Mamlaka hiyo iliagiza nyumba za aina hii zisajiliwe. Kubadilisha matumizi ya jengo kutoka makazi kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Tumeomba kuona leseni au idhini ya hata nyumba moja mtaani. Hatujaonyeshwa.

Sasa tuje kwenye majibu ambayo tumeyasikia, na ambayo tunajua yatarudi.

"Katiba inalinda mali ya mtu." Ni kweli, Kifungu cha 40. Kifungu cha 57 nacho kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na Katiba inawahesabu kuwa wazee waliozidi miaka 60, yaani karibu mtaa mzima. Lakini hatuhitaji kugombanisha vifungu. Septiki, lifti, ngazi, geti, bwawa na tangi la juu si mali ya nyumba namba fulani; ni mali ya pamoja, na kazi ya Bodi ni kuisimamia.

"Sheria ya Sectional Properties hairuhusu kanuni za ndani kuzuia mtu kukodisha." Hiyo ni sheria ya majengo ambayo kila nyumba ndani yake ina mwenyewe. Hoja hii ni ya mwanasheria na tunaiheshimu kuliko zile nyingine. Sheria hiyo ya 2020 kweli inalinda uhuru wa kuuza, kurithisha na kukodisha nyumba. Ila anayelala usiku mbili hapewi hati ya upangaji. Anapewa malazi, mashuka na taulo, kama nyumba yoyote ya wageni. Na sheria hiyohiyo inamfunga mwenye nyumba asiitumie kwa namna inayoleta kero au hatari kwa wakazi wengine. Kanuni inayosema wageni wasajiliwe, wasizidi idadi fulani, na wakae kwa muda usiopungua kiasi fulani, inasimamia matumizi. Kama mwanasheria wa mtaa anaona vinginevyo, aandike maoni yake na kuyatia saini, nasi tutayapeleka kwa wetu. Maoni ya mdomo hayajibiki.

Waliorudi kutoka Marekani hutuuliza kwa nini hapa hakuna kitu kama sheria ya kule ya 1995, inayouruhusu mtaa kujitenga kuwa wa wazee iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55 au zaidi. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo. Neno "wastaafu" kwenye kibao cha geti ni la mwuzaji, halina nguvu ya sheria. Ndiyo maana kanuni za ndani zina uzito mkubwa hapa kuliko kule: tusipoandika wenyewe, hakuna aliyetuandikia.

"Wengine wanakodisha kwa sababu pensheni haitoshi." Tunawajua, ni majirani zetu, na hatutaki kumkata mtu riziki. Mwenye shida ya pesa akodishe kwa mwezi. Wazungu wa msimu wa baridi wanatafuta nyumba tulivu kuanzia Desemba hadi Machi, na mpangaji wa miezi minne hamgharimu mwenye nyumba msafishaji kila Jumapili wala kamisheni ya kila tangazo. Tuongeze, kwa heshima, kwamba nyumba nyingi zilizo kwenye matangazo hazina mstaafu ndani. Zilinunuliwa kwa biashara.

"Ni nyumba chache tu." Rudini kwenye hesabu ya septiki. Tatu katika nane zinatosha.

Kwa hayo, tunaiomba Bodi ifanye yafuatayo.

(a) Ndani ya siku 14, kila mwenye nyumba aandike kama anakodisha kwa siku na nani anamsimamia, na aambatishe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha biashara cha kaunti. Asiyekuwa navyo asimamishe hadi avipate.

(b) Mkutano mkuu maalumu uitishwe, wa ana kwa ana na kwa mtandao ili walio ng'ambo wapige kura, wenye ajenda moja: kanuni ya muda usiopungua siku 30, na watu wasiozidi 2 kwa kila chumba cha kulala. Rasimu ya kanuni isambazwe pamoja na mwaliko. Tulishaona ajenda zinazosomwa papo hapo, na hazikuisha vizuri.

(c) Mhandisi apime septiki na mashimo yote ya kufyonza: ujazo, kina cha tope, kasi ya kufyonza. Ripoti yake ibandikwe ubaoni. Maji ya kisima yapimwe maabara, hasa bakteria wa kinyesi, kabla na baada ya msimu wa Desemba.

(d) Mita za maji ziwekwe kwa kila nyumba na kikata umeme kwenye pampu. Tunajua zitagharimu; tuko tayari kuchangia kwa awamu mbili.

(e) Getini: jina, namba ya kitambulisho, namba ya gari, nyumba anayokwenda na tarehe ya kutoka, kwenye daftari linalofungiwa ofisini. Soja asipige picha vitambulisho kwa simu yake binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu mtaa pia. Visanduku vya funguo vyote viondolewe kwenye vyuma vya ngazi. Geti la miguu liwekwe kifunga kinachojirudisha chenyewe na kengele inayolia likikaa wazi zaidi ya dakika moja.

(f) Kona za ngazi ziwe tupu saa zote. Kilichokutwa hapo kiondolewe na gharama iandikwe kwenye akaunti ya nyumba husika.

(g) Kampuni ya bima iandikiwe barua sasa, isemwe wazi kinachoendelea, na jibu lake tuoneshwe.

Wajumbe wenye nyumba zinazokodishwa kwa siku, kama wapo, wajitoe kwenye kura za Bodi juu ya jambo hili. Hatumtuhumu mtu, ila tunataka kumbukumbu za mkutano zionyeshe nani alikaa na nani alitoka.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21. Lisipokuja, tutapeleka suala hili kwenye kamati ya ndani ya kutatua migogoro ambayo sheria ya 2020 inaitambua, na ikiwa haijaundwa, tutadai iundwe. Malalamiko ya kelele yatakwenda NEMA pamoja na daftari. Ya leseni yatakwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na ya mabadiliko ya matumizi kwa idara ya mipango ya kaunti, kila moja na namba za nyumba husika. Tungependa kuyamaliza humu ndani.

Wenu katika ujirani,

Wenye nyumba na wakazi waliotia saini
(orodha ya saini imeachwa ofisini kwa meneja, nakala iko kwa mweka hazina)